Lisome Kanisa Lako Kabla Hujalibomoa

Ndugu msomaji, wapo wazazi wengi hapa Iyunga ambao kila Jumapili huingia kanisani kwa mlango ule ule, wakaketi katika benchi lile lile, wakaimba na kusali, kisha wakarejea nyumbani pasipo kuulizana hata mara moja: nyumba hii imejengwaje, na kila kilichomo kimewekwa mahali pake kwa sababu gani? Hatuna haki ya kuwalaumu. Jambo lililozoeleka halitazamwi tena. Mtu aweza kupita chini ya tao moja kwa miaka 20 na asijue kuwa ni tao.

Hata hivyo, juma hili yatupasa tutazame. Mitaa yetu imejaa watu. Tangu Reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi mwaka 1976 na stesheni ya Mbeya ikawa hapa kwetu Iyunga, wafanyakazi wamehamia na jamaa zao, watoto wamezaliwa, na waumini wameongezeka. Kanisa lililowatosha babu haliwatoshi wajukuu. Kamati zinaundwa, michango inapitishwa, na mara nyingi uamuzi wa kwanza wa kamati ni mmoja: la zamani livunjwe. Si dhambi kujenga nyumba kubwa zaidi. Lakini avunjaye kitu asichokijua hajui anachokipoteza, na safu hii yataka kumpa msomaji, awe Mkristo au Mwislamu, macho kidogo ya fundi kabla nyundo haijainuliwa.

UMBO LINATOKA WAPI?

Makanisa yetu mengi yana umbo linalofanana: nyumba ndefu, mlango upande mmoja, madhabahu upande wa pili, na mnara wa kengele. Umbo hili lilikuja na wamisionari kutoka Ulaya, na huko lilikuwa limekwisha kukomaa katika Zama za Kati, yaani baina ya karne ya 11 na ya 15. Makanisa ya vijijini ya Uingereza ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwa kuwa maelfu yao yangali yamesimama na bado yanatumika.

Kanisa la namna hiyo liligawanyika sehemu mbili kuu. Ya kwanza ilikuwa ukumbi wa waumini; ya pili, iliyokuwa nyembamba zaidi, ilikuwa mahali patakatifu penye madhabahu, nayo kwa kawaida ilielekea mashariki, kunakochomoza jua. Mgawanyo huo haukuwa wa sala tu. Tangu karne ya 13 ilikuwa desturi iliyokubalika kwamba matengenezo ya patakatifu ni juu ya kasisi mwenye mapato ya parokia, na matengenezo ya ukumbi ni juu ya waumini wenyewe. Kwa hiyo, msomaji, ile karatasi ya michango ya bati na saruji unayoletewa mlangoni ina ukoo mrefu. Mkulima wa Kiingereza wa miaka 700 iliyopita alikuwa naye akiletewa yake.

Ndani ya ukumbi ule hapakuwa na mabenchi. Watu walisimama au walipiga magoti juu ya sakafu, na wazee na wagonjwa waliegemea ukutani, mahali ambapo pengine palijengwa kibaraza cha mawe cha kuketia. Mabenchi yalienea hasa katika karne ya 15, nyakati zile zile ambapo mimbari nazo zilikuwa zikiongezeka. Jambo hili halishangazi: mahubiri yanaporefuka, miguu hudai haki yake.

Karibu na mlango lilisimama birika la ubatizo, mara nyingi la jiwe moja lililochongwa. Liliwekwa pale kwa makusudi, kwa maana ubatizo ndio mlango wa kuingilia katika jumuiya. Mwaka 1236 Askofu Mkuu wa Canterbury aliagiza mabirika hayo yafunikwe na kutiwa kufuli, kwa kuwa watu walihofiwa kuyaiba maji yaliyobarikiwa wakayatumie katika uchawi. Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji maelezo zaidi. Atafahamu upesi kuwa hofu ya mwanadamu haina taifa.

Kuta nazo zilikuwa kitabu cha wasiojua kusoma. Zilipakwa picha za rangi: juu ya tao lililotenga ukumbi na patakatifu ilichorwa mara nyingi Siku ya Hukumu, na mkabala wa mlango alichorwa Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, kwa imani kwamba amwonaye hatakufa siku hiyo. Kisha dini ikabadilika. Katika utawala wa Mfalme Edward wa Sita, kuanzia mwaka 1547 hadi 1553, sanamu ziliondolewa na kuta nyingi zikapakwa chokaa. Picha zilizochukua mikono ya vizazi kadhaa zilifunikwa kwa ndoo chache za chokaa. Baadhi zimefunuliwa tena katika nyakati za karibuni, na leo watu husafiri kutoka mbali kwenda kutazama vipande vyake vilivyosalia.

MKUNAZINI, UNGUJA

Tuondoke sasa Ulaya, tuje kwetu. Atakaye kuona jinsi umbo hilo lilivyokutana na pwani ya Afrika ya Mashariki, na aende Unguja, mtaa wa Mkunazini, akaingie katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Kristo.

Mahali hapo palikuwa soko la watumwa. Mwezi Juni mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said, akishurutishwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kuyafunga masoko yake. Wamisionari wa Kianglikana wa Chama cha Vyuo Vikuu wakapata kiwanja kile, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Ibada ya kwanza ilifanyika siku ya Krismasi ya mwaka 1877, ilhali jengo halijakamilika. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874. Ndiye yule yule aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili, akakusanya na kupiga chapa hadithi za Waswahili, na kufanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia katika lugha yetu.

Sasa msomaji aliye fundi na asikilize vizuri. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko una kipimo chake, na kwa hiyo vyumba vingi vya mji ule vina upana wa meta tatu hivi, hata katika nyumba za matajiri. Mpimaji wa chumba hakuwa mwenye nyumba, bali ni mti. Je, ungewezaje kufunika ukumbi mpana wa kanisa kwa boriti za namna hiyo?

Steere aliamua kuacha boriti kabisa. Alichanganya saruji na matumbawe yaliyopondwa, akajenga paa la tao refu moja, mfano wa pipa lililopasuliwa nusu na kufunikwa juu ya kuta. Wapo waliotabiri kuwa litaanguka. Shaka yao haikuwa ya kipumbavu, maana paa la tao lina tabia tofauti na paa la kenchi. Paa la kenchi, likifungwa vema, hukandamiza ukuta kuelekea chini. Paa la tao hukandamiza chini na wakati huo huo huusukuma ukuta kwenda nje, kama mtu aliyetanua miguu juu ya sakafu yenye utelezi. Ukuta ukiwa mwembamba, hupinda, na tao hushuka. Ndiyo sababu majengo ya namna hiyo huhitaji kuta nene, au nguzo za nje za kuzisaidia. Paa la Mkunazini halikuanguka. Lingalipo, zaidi ya miaka 140 baadaye, ingawa katika miaka ya 2010 jengo lilihitaji matengenezo makubwa.

Ukiingia ndani utakuta yale yale tuliyoyasoma, lakini yakisema maneno mengine. Madirisha yana vichwa vilivyochongoka kwa desturi ya Ulaya ya Zama za Kati, nayo yanachangamana na mapambo yanayokumbusha majengo ya Kiarabu ya mji ule. Mapokeo husema kwamba madhabahu imewekwa pale uliposimama mti waliofungwa watumwa na kuchapwa, na sakafuni pana duara la marmari la kuonyesha mahali hapo. Upo pia msalaba ambao mbao yake husemwa kuwa ni ya mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873. Saa ya mnarani hukumbukwa kuwa ni zawadi ya Sultani Barghash, Mwislamu, kwa kanisa la Wakristo. Na nyuma ya madhabahu amezikwa Steere mwenyewe, aliyefariki mwaka 1882.

Angalia basi, ndugu msomaji. Madhabahu, msalaba, dirisha, saa: kila kimoja ni ukurasa. Aliyejifunza kusoma huondoka pale na historia nzima ya pwani. Asiyejifunza huondoka na kumbukumbu ya ubaridi wa ukumbi.

NGUZO ZILIZOPINDULIWA

Lakini lipo jambo moja katika kanisa lile ambalo wageni hulipenda kuliko mengine. Wataonyeshwa nguzo zilizosimamishwa juu chini, kichwa kikiwa mahali pa tako. Husimuliwa kwamba Steere alisafiri, na aliporudi akakuta vibarua wamekwisha kuzisimika hivyo, naye akaziacha. Wageni hucheka, wakapiga picha, wakaendelea.

Tusicheke upesi. Hebu tufikiri. Jina la askofu linajulikana. Jina la Sultani aliyetoa saa linajulikana. Majina ya waliokumbukwa kwa vibao na vioo vya rangi yanasomeka. Lakini waliobeba matumbawe vichwani, walioyaponda, waliochoma chokaa, waliopanda jukwaa chini ya jua la Unguja na kulimwaga paa ambalo wenye elimu walisema litaanguka, hao hawatajwi. Kumbukumbu yao iliyosalia midomoni mwa watu ni kosa. Paa lilisimama, sifa ikamwendea msimamizi. Nguzo zilipinduka, lawama ikawaendea vibarua.

Wewe ufanyaye kazi kiwandani, relini, au katika ujenzi, walijua jambo hili bila kufundishwa. Kazi iliyo sawasawa haina mwenyewe. Iliyoharibika hutafutiwa jina mara moja.

Huko Uingereza nako hali haikuwa tofauti sana, isipokuwa kwa jambo moja dogo. Waashi wengi wa Zama za Kati hawajulikani kwa majina. Waliacha alama tu zilizochorwa kwa patasi juu ya mawe. Lakini katika baadhi ya parokia walikuwako wazee wa kanisa waliotunza daftari la hesabu: fulani kalipwa kiasi hiki kwa kutengeneza kengele, fulani kwa mbao za mabenchi, fulani kwa chokaa. Walioandika hawakudhani kuwa wanaandika historia. Walikuwa wakijikinga wasishukiwe wizi. Na leo, baada ya miaka 500 na zaidi, seremala aliyechonga mabenchi katika baadhi ya vijiji hivyo anajulikana kwa jina lake, si kwa sababu alikuwa mkubwa, bali kwa sababu mweka hazina alikuwa mwangalifu.

NYANDA ZA JUU KUSINI

Nasi tunayo ya kutunza. Wamoraviani kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo Waluteri wa Misioni ya Berlin waliingia nao katika nchi ya Wanyakyusa. Katika vituo vya namna hiyo, kufyatua na kuchoma matofali, useremala na uashi vilifundishwa pamoja na kusoma. Kule Iringa, Tosamaganga ilianzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaangukia mikononi mwa Wakonsolata wa Italia. Ndiyo maana apitaye huko huona vigae vyekundu vinavyokumbusha milima ya Italia kuliko ya Uhehe. Na ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika kisiwa cha Likoma kilichoko Malawi, Waanglikana wa chama kile kile cha Mkunazini walianza mwaka 1903 kujenga kanisa kuu ambalo urefu wake unakaribia meta 100. Kanisa la ukubwa huo kisiwani, mahali ambapo kila kilichotoka mbali kilipaswa kuvushwa ziwani, halikujengwa na wamisionari wachache. Lilijengwa na mikono ya watu wa ziwa.

Yapo pia makanisa madogo, yasiyo na jina vitabuni, ambayo wazee wetu waliyajenga kwa udongo wa hapa hapa na kuni za hapa hapa kabla saruji ya Songwe haijawa karibu. Katika hayo utakuta benchi lililochongwa kwa shoka, birika la ubatizo lililofinyangwa na fundi wa kijiji, au kengele iliyokuwa kipande cha chuma. Ukiona tofali lenye alama ya vidole vya aliyelifyatua, simama kidogo. Hiyo ni sahihi ya mtu ambaye pengine hakujua kuandika sahihi nyingine.

Msomaji aweza kusema: Serikali ipo, sheria ipo, italinda. Sheria ipo kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Hesabu mwenyewe: Rungwe ni 1891. Kanisa la kwanza la misioni katika milima yetu limekosa ulinzi huo kwa miaka 28, na la mtaani kwako limeukosa kwa miaka mingi zaidi. Waziri anayo mamlaka ya kutangaza jengo la baadaye kuwa la kulindwa, lakini hawezi kutangaza kila ukumbi wa matofali. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa kanisa la mtaa ni kamati ya ujenzi ya mtaa, na mlinzi wa kamati ni mwanajumuiya aulizaye swali mkutanoni.

YAKUFANYA KABLA YA NYUNDO

Kwanza, muulizeni fundi mwenye elimu kama kuna haja ya kuvunja. Mara nyingine ukumbi waweza kurefushwa, au kuongezewa mbawa, na patakatifu pa zamani pakabaki. Makanisa mengi ya Zama za Kati tunayoyasifu yalikua hivyo hivyo, kizazi kimoja kikiongeza ubavu, kingine mnara. Na ikiwa mnapenda paa la tao au ukuta mrefu mwembamba, kumbukeni kuwa Mbeya imo katika Bonde la Ufa, na ardhi yetu hutikisika. Mwaka 1910 tetemeko kubwa la Rukwa liliitikisa sehemu hii yote ya nchi. Pimamaji na timazi havijadili na mtu.

Pili, kama hapana budi kuvunja, pimeni kwanza. Kamba ya kupimia, karatasi na vijana wawili wa shule ya sekondari watatosha kuchora ramani ya jengo: urefu, upana, unene wa ukuta, mahali pa mlango, mimbari, birika na madhabahu. Pigeni picha kila upande, nje na ndani.

Tatu, msiuze vyombo kwa haraka. Birika la ubatizo walilobatiziwa bibi na mjukuu lina haki ya kuhamia nyumba mpya, hata kama la marmari linang'aa zaidi. Benchi moja la zamani na libaki, japo nyuma kabisa.

Nne, na hili ndilo kubwa, andikeni majina. Si jina la mgeni rasmi peke yake, ambalo huchongwa juu ya jiwe la msingi hata kama alifika kwa nusu saa. Wakalisheni wazee wawataje: nani alifyatua tofali, nani alichoma tanuru, akina mama gani waliteka maji ya kukandia udongo, nani alipiga kenchi. Na kwa jengo jipya, mweka hazina aandike tangu siku ya kwanza, kibarua kwa kibarua, kisha daftari litunzwe pamoja na vitabu vya ubatizo.

Shauri hili si la Wakristo pekee. Msikiti wa Kizimkazi, kule Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na mwaka 1107, nao ungali ukisaliwa. Waislamu wa mtaani nao hupanua misikiti, nao wana mihrabu na mimbari zilizochongwa na mikono ya mtu fulani. Swali ni lile lile.

Wazazi, fanyeni jaribio dogo leo. Mkitoka ibadani, mzungukeni jengo pamoja na watoto, mkawaulize: ukuta huu una unene gani? Kwa nini birika liko hapa na si kule? Nani alijenga? Maswali mawili ya kwanza watoto watayajibu kwa kupima na kufikiri. La tatu hawataweza kulijibu wenyewe, na huenda nanyi hamtaweza. Basi mtafuteni mzee anayejua, mwende kwake na kalamu, leo hii kabla jua halijatua. Tofali laweza kukaa miaka 100 likisubiri kusomwa. Mzee hana nafasi hiyo.